Gari limekaa muda mrefu na breki zimeshika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Uliliegesha likiwa zima. Leo injini imewaka, hendibreki umeachia, gia umetia, na gari linajiinamia palepale kama punda aliyegoma. Majibu yaliyo hapa ni ya mtu mwenye jeki, spana za kawaida na subira. Kama huna cha tatu, mwite fundi mapema, maana breki nyingi zilizoshika huachia bila kuharibika, na nyingi zilizoharibika ziliharibiwa siku ya kuachishwa.

Gari halikuguswa na mtu. Breki zimeharibikaje?

Kukaa ndiko kulikoziharibu. Diski (sahani inayozunguka na gurudumu) na dramu (ngoma inayofanya kazi hiyo kwenye breki za aina nyingine) za magari mengi ni chuma cha kusubu, na ule uso unaosuguliwa hauwezi kupakwa rangi wala mafuta. Gari linalotembea kila siku hujisafisha: kutu nyekundu unayoiona asubuhi baada ya mvua huondoka ukikanyaga breki mara tatu nne. Gari lisilotembea halina wa kuisugua. Unyevu unanasa kati ya diski na pedi, kile kibao kinachoibana, kutu inaota hapo, na kwa kuwa pedi nyingi zina chembe za chuma ndani yake, kutu ya diski na ya pedi hushonana zikawa kitu kimoja. Kwenye dramu mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu maji yakishaingia humo hayana haraka ya kutoka.

Hiyo ni namna ya kwanza ya kushika, na ndiyo nyepesi. Ya pili ni ya vitu vinavyotakiwa kuteleza: pistoni ndani ya kalipa (kile kibano kinachozikandamiza pedi kwenye diski), pini za kalipa, kebo ya hendibreki ndani ya ganda lake. Ya tatu inatokana na mafuta ya breki yenyewe. Aina za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo mafuta yaliyokaa miaka mingi yanabeba maji mpaka kwenye pistoni na silinda, na kutu inaanzia ndani usikoona.

Tofautisha hizi tatu kabla ya kushika nyundo. Ya kwanza inahitaji mtikiso. Ya pili na ya tatu ukizitikisa zitaachia leo, kisha zitashika tena barabarani.

Nitajuaje ni gurudumu lipi lililoshika?

Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini, tia gia huru, achia hendibreki, kisha nyanyua gurudumu moja moja na ulizungushe kwa mikono. Gari likae juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake. Utakuwa unavuta na kugonga, na jeki haikuundwa kwa mchezo huo. Gurudumu zima huzunguka, pengine kwa mkwaruzo mwepesi wa pedi. Magurudumu yanayoendeshwa na injini yatakuwa mazito kidogo kwa sababu yanazungusha vyuma vya ndani, usiyahukumu kwa hilo.

Kama huna jeki karibu, tia rivasi na uachie klachi taratibu huku mtu akitazama kwa pembeni. Gurudumu lililoshika litaburura na kuacha mchirizi ardhini, au upande wake wa gari utajikunja na kurudi.

Ukitaka kubahatisha, anza nyuma. Magari mengi hendibreki yake hushika magurudumu ya nyuma, na gari lililoachwa na hendibreki imevutwa hushika hapo kwanza. Lakini si yote: yapo yanayoshika mbele, na Land Rover za zamani hendibreki yake hukamata shafti inayotoka giaboksi, si magurudumu.

Nitie gia nikanyage mafuta mpaka liachie?

Kidogo, ndiyo. Mpaka liachie, hapana.

Tia gia ya kwanza, achia klachi mpaka gari lijivute kidogo, kanyaga klachi lirudi. Tia rivasi, fanya vilevile. Kwa gari la otomatiki ni D na R, ukisubiri gari litulie kati ya moja na nyingine. Lengo ni kulitikisa mbele na nyuma, si kulishinda nguvu. Mara nyingi baada ya mitikiso sita saba utasikia kishindo kama mtu amepiga bati kwa nyundo, na gari linasogea. Huo ni mlio wa pedi, au wa kiatu (pedi ya ndani ya dramu), ikibanduka, usiogope.

Kama halijasogea baada ya dakika mbili hivi, acha. Nje ya hapo unaunguza klachi, unaumiza shafti, au unafanya nilichofanya mimi. Nilikuwa na pikapu iliyolala msimu mzima wa mvua. Nikaikanyagia mafuta, ikatoa mlio, ikaondoka, nikafurahi. Kilomita chache mbele gurudumu la nyuma likakaba ghafla. Nilipofungua dramu nikakuta lainingi, ule mkanda mgumu uliobandikwa juu ya kiatu cha breki, imebaki imeganda kwenye dramu vipande vipande, na kiatu kikiwa chuma kitupu. Gari liliachia kweli, ila kilichoachia ni gundi.

Kuna njia laini zaidi ya kuanzia?

Ipo, na ndiyo ningeanza nayo. Injini ikiwa imewaka, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida na uachie, mara kumi hadi ishirini. Vuta na uachie hendibreki nayo mara kadhaa, kama kebo inasogea. Kalipa na viatu hujinyumbua kidogo kila unapokanyaga, na kutu nyembamba hukatika kwa huko kunyumbuka.

Angalizo moja: usiizamishe pedali mpaka chini kabisa. Ndani ya masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, sili za mpira zimezoea njia fupi. Sehemu ya silinda ambayo hazifikagi imejaa uchafu na pengine kutu, na sili ikisukumwa huko huchanika. Mafundi wazee huweka kipande cha ubao chini ya pedali. Ni hila ndogo iliyookoa masta silinda nyingi.

Nigonge wapi na nyundo?

Toa gurudumu kwanza. Kugonga rimu ni kupoteza jasho.

Kwenye dramu, gonga uso wake wa mbele, katikati ya stadi (bolti zinazoshika gurudumu), ukizunguka, mapigo mafupi mengi. Tumia nyundo ya plastiki au ya shaba. Kama unayo ya chuma tu, weka kipande cha ubao mgumu kati. Usipige ukingo wa nje: chuma cha kusubu hakipindi, hupasuka. Kwenye diski usiiguse diski yenyewe. Gonga mwili wa kalipa kwa upole, au ingiza bisibisi bapa pana kati ya kalipa na bamba la chuma la mgongo wa pedi, uisukume pedi irudi nyuma kwa milimita moja tu. Hiyo moja inatosha.

Nimeachia hendibreki lakini nyuma bado kumeshika.

Mkono wa hendibreki kushuka si ushahidi wa kitu. Ingia chini (gari likiwa kwenye stendi), mtu mwingine avute na kuachia mkono, wewe tazama kile kijiti kinachovutwa na kebo kule kwenye gurudumu. Kinapaswa kurudi mpaka mwisho wake chenyewe. Kama kebo imelegea lakini kijiti hakirudi, tatizo liko kwenye kalipa au ndani ya dramu. Kama kebo yenyewe imebaki imekaza, imeota kutu ndani ya ganda. Unaweza kuichomoa kwenye kijiti ili gari lisogee, lakini kebo ya namna hiyo sioni maana ya kuipaka mafuta. Maji yaliingia kwa sababu ganda limepasuka, na yataingia tena. Badilisha.

Diski imeshika. Nitajuaje kama ni pini, pistoni au mpira wa breki?

Swali hili ndilo hutenganisha kazi ya nusu saa na ununuzi wa vipuri visivyohitajika.

Kalipa nyingi za kawaida zina pistoni upande mmoja na huelea juu ya pini mbili. Pistoni ikisukuma pedi ya ndani, kalipa nzima huteleza kuvuta pedi ya nje. Ukiachia pedali hakuna springi inayoirudisha pistoni. Ile sili ya mpira inayoizunguka hujipinda ikisukumwa, na ikijinyoosha huivuta pistoni nyuma kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo kutu kidogo tu inatosha kuishinda.

Jaribu hivi. Kwanza isukume kalipa yote kwa mkono, ndani na nje. Isipoteleza hata kidogo, shuku pini. Ukifungua pedi utakuta moja imeisha kuliko mwenzake, na hiyo inathibitisha. Pini huchomolewa, husuguliwa kwa brashi ya waya, hupakwa grisi maalumu ya breki isiyodhuru mpira, na hurudishwa. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha vifuniko vya mpira, na baada ya miezi michache unarudi pale pale.

Kama pini ziko huru, chukua klempu, weka pedi ya zamani mbele ya pistoni, ubane taratibu. Ikigoma, fungua skrubu ya kutolea hewa iliyo kwenye kalipa nusu mzunguko, mpira mwembamba ukiwa umevishwa na kuelekezwa kwenye chupa, kisha bana tena. Ikirudi kwa urahisi, pistoni ni nzima: kilichokuwa kinaishika ni mafuta yaliyonaswa, na mara nyingi mpira wa breki, ule unaoleta mafuta kwenye kalipa, umevimba kwa ndani ukawa kama mlango wa upande mmoja. Nje unaweza kuonekana mpya kabisa. Ikigoma hata skrubu ikiwa wazi, pistoni imeota kutu.

Pistoni za nyuma zenye hendibreki ndani yake mara nyingi hazisukumwi tu. Huzungushwa huku zikisukumwa, kama kufunga kizibo. Ukizibana kwa klempu utavunja mtambo wa ndani.

Na hiyo skrubu ya kutolea hewa huvunjika kirahisi ikiwa na kutu. Tumia soketi ya pembe sita, si spana ya mdomo wazi, na iloweshe kwa mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla.

Dramu imegoma kutoka kabisa. Nifanyeje?

Karibu kila mara kuna moja ya mambo mawili, au yote. La kwanza, dramu imeshikana na habu, kitovu kinachobeba gurudumu, pale katikati panapokutana. Weka matone ya mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka habu, machache, na uyaache yafanye kazi. Dramu nyingi zina matundu mawili madogo yenye nyuzi, mara nyingi ya bolti ya milimita 8. Hayo hayakuwekwa kwa urembo. Funga bolti mbili humo na uzikaze kwa zamu, robo mzunguko kila moja, ukigonga uso wa dramu katikati. Dramu itajisukuma yenyewe.

La pili, dramu imetoka kwenye habu lakini inanasa ikija. Viatu vimechimba njia ndani ya dramu na kuacha ukingo, na ukingo huo unakamata viatu. Kuvuta kwa nguvu kutang'oa springi na pini zake. Legeza kebo ya hendibreki, kisha tafuta tundu dogo lenye kizibo cha mpira kwenye bamba la nyuma, au kwenye uso wa dramu. Kupitia hapo, kwa bisibisi, unaweza kurudisha ajasta, kile kijigurudumu cha kurekebisha viatu, ili viatu visinyae. Upande wa kuzungusha hutofautiana kwa gari na kwa upande, kwa hiyo jaribu mapigo machache, uzungushe dramu uone kama imelegea au imekaza, ndipo uamue.

Ikishatoka, piga picha kabla ya kugusa springi yoyote. Fungua upande mmoja tu kwa wakati, wa pili uwe kielelezo chako.

Nipulize mafuta ya kulegeza kutu kwenye diski au ndani ya dramu?

Hapana. Yanalegeza kutu, na yanalegeza breki pia. Pedi au kiatu kilicholowa mafuta hakioshwi kikapona. Hutupwa, na mwenzake wa upande wa pili hubadilishwa pia.

Vumbi lililomo ni la kawaida tu?

Usilipulize kwa kinywa wala kwa kompresa. Magari ya zamani yalikuwa na asbesto kwenye pedi na viatu, na kwa kutazama hutajua. Lowesha kwa dawa ya kusafishia breki, futa kwa tambara, tupa tambara.

Pistoni imeganda ndani ya kalipa. Naitoaje?

Tumia breki yenyewe. Kabla hujafungua mpira wa breki, toa kalipa kwenye diski, weka kipande cha ubao mahali pa diski ili pistoni isiruke yote, na mtu akanyage pedali polepole. Masta silinda husukuma kwa nguvu na kwa ulinganifu.

Kama kalipa imeshatolewa, wengi hukimbilia hewa ya kompresa. Hewa hujikusanya kimya, kisha pistoni hutoka kama risasi, na nimeona kidole kikivimba kwa sababu hiyo. Ni heri kufunga pampu ya grisi kwenye tundu la mafuta na kusukuma kwa mkono. Utachafuka na utakuwa na kazi ya kusafisha, lakini pistoni itatoka kwa adabu.

Ikitoka, itazame. Doa la kutu kwenye njia inayopita sili halisuguliwi kwa msasa likaisha. Weka pistoni mpya na sili mpya, au kalipa nzima.

Hendibreki yangu ni ya kitufe.

Angalia betri kwanza. Gari lililokaa huwa na betri dhaifu, na mota za hendibreki ya umeme hazifanyi kazi bila umeme wa kutosha. Usirudishe pistoni zake kwa klempu kabla ya kuliingiza gari kwenye hali ya matengenezo. Utaratibu wake utafute kwenye kitabu cha gari.

Diski zina kutu. Nizitupe?

Kutu ya juu, hapana. Endesha, kanyaga, itaondoka. Ikibaki alama ya umbo la pedi na gari linatetemeka kila gurudumu likizunguka, au ukucha wako unakwama kwenye mashimo, basi ndiyo. Unene wa mwisho unaoruhusiwa mara nyingi umeandikwa kwenye ukingo wa diski au kitovu chake. Zikibadilishwa, hubadilishwa mbili za ekseli moja.

Imeachia. Naweza kwenda safari?

Bado. Kabla gari halijasogea, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu, hasa kama ulirudisha pistoni: kukanyaga kwa kwanza kutakwenda bure, na hutaki huko kwa kwanza kuwe mbele ya ukuta. Shikilia pedali kwa nguvu kwa nusu dakika. Ikishuka polepole, kuna mahali panavuja, au masta silinda imechoka. Tazama paipu za chuma chini ya gari. Zenye magamba ya kutu zinaweza kupasuka kwa kukanyaga huko. Ni afadhali zipasuke uani.

Kisha endesha kilomita chache mahali patupu kwa mwendo mdogo ukitumia breki kidogo kidogo. Simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, au ikinuka kama kitu kinaungua, hiyo haijaachia kweli. Gari likivuta upande mmoja unapokanyaga, upande wa pili ndio mvivu.

Mafuta ya breki ya zamani yamwage yote, weka mapya. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi; ikishanyonya maji, kiwango cha chini kinachotakiwa ni 155 tu. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo utaisikia kwenye mguu. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na usiruhusu hata tone la mafuta ya injini liingie humo.

Naweza kulivuta likiwa limeshika?

Ukiliburura utaimaliza tairi ikatoboka mahali pamoja. Lipakiwe juu ya gari la kubebea.

Klachi nayo imeganda, gia haziingii.

Ndugu wa tatizo hili. Diski ya klachi imeshikana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kwa kutu ileile. Pasha injini moto, izime, tia gia ya tatu, kanyaga klachi na breki, kisha piga stati kidogo mahali pasipo na mtu wala kitu mbele. Fanya hivyo breki zikiwa zimeshapona, si kabla.

Nitaliacha tena miezi mitatu. Niliegesheje?

Usilioshe na kuliegesha likiwa limelowa. Liendeshe dakika 15 au 20, ukanyage breki mara kadhaa zipate joto zikauke, ndipo uliegeshe mahali tambarare, juu ya saruji au mbao, si juu ya majani yanayotoa unyevu usiku kucha. Tia gia, au P, weka kabari pande zote mbili za magurudumu ya nyuma, na hendibreki iache chini. Mtu akiweza kulisogeza mita chache kila wiki mbili, diski zitakuwa zimegeuka na pedi hazitapata muda wa kushonana.

Na andika kwenye karatasi, uifunge kwenye usukani: *hendibreki haijavutwa, kabari ziko magurudumu ya nyuma.* Atakayeliwasha huenda asiwe wewe.